Siku Nzima kwa Ngome Moja

Ukijikuta Osaka, Kobe au Kyoto na una siku moja ya mapumziko, ipe Himeji siku hiyo yote. Nasisitiza yote, kwa sababu wageni wengi huichomeka Himeji katikati ya ratiba: wanashuka treni saa 4 asubuhi, wanapanda mbio hadi ghorofa ya juu ya mnara, wanapiga picha, na saa 7 mchana wako safarini kwenda Hiroshima. Ukiwauliza, watakuambia ngome inapendeza kwa nje lakini ndani ni tupu. Ni kweli, ghorofa ya juu haina kitu zaidi ya hekalu dogo na madirisha. Utajiri wa Himeji uko njiani, kwenye malango, kona, kuta na matundu yaliyopangwa ili mtu anayepanda asifike upesi. Aliyekimbia ameyapita yale yale aliyokuja kuyatazama.

Nauandika ushauri huu nikiwafikiria hasa wenzetu wanaofika Japani kwa shughuli zao: wanafunzi walioko vyuo vya Kobe na Osaka, wafanyabiashara wa magari yaliyotumika wanaokuja kukagua mali kabla haijapakiwa kwenda Mombasa na Dar es Salaam, mabaharia ambao meli yao imetia nanga Kobe. Watu hawa hupata siku moja ya ziada, na mara nyingi huimalizia madukani. Nawaomba wasifanye hivyo.

Himeji iko katika mkoa wa Hyogo, magharibi ya Kobe, kwenye reli kuu inayofuata ufuko wa Bahari ya Ndani ya Seto. Kutoka stesheni ya Osaka panda treni ya JR iitwayo Shinkaisoku. Mchana hupita kila baada ya dakika 15 hivi, safari huchukua kama saa moja, nauli ni kama yeni 1,500, na hakuna tiketi ya nyongeza ya kununua. Unagusisha kadi ya nauli ya ICOCA getini, basi. Kutoka Sannomiya, katikati ya Kobe, ni dakika 40. Kutoka Kyoto ni saa moja na nusu. Ipo pia Shinkansen, treni ya mwendo kasi, inayotoka Shin-Osaka na kufika kwa nusu saa, lakini nauli yake ni kama mara mbili. Ukiamua kuipanda, soma ubao vizuri, kwa kuwa si kila Nozomi, moja ya aina za Shinkansen, husimama Himeji.

Mimi huchagua Shinkaisoku, na hukaa upande wa kushoto. Ukifika maeneo ya Suma, reli inashuka karibu kabisa na maji, na muda mfupi baadaye unapita chini ya daraja la Akashi Kaikyo, lililofunguliwa mwaka 1998. Sehemu yake ya kati, kutoka nguzo hadi nguzo, ina mita 1,991, na hadi mwaka 2022 hapakuwa na daraja lolote la kuning'inia duniani lililoizidi.

Mkikaribia Akashi, geuza macho upande wa kulia. Kuna mnara wenye saa kubwa, nao ni wa jumba la kutazamia nyota la mji huo. Hapo unapita juu ya mstari wa longitudo ya nyuzi 135 mashariki, mstari unaoiwekea Japani nzima saa zake. Saa za Afrika Mashariki zinafuata nyuzi 45. Tofauti ni nyuzi 90, yaani saa 6 kamili, na hapo msemaji wa Kiswahili ana zawadi ambayo msafiri mwingine hana. Ukiiacha saa yako ya mkononi katika majira ya Nairobi au Dodoma, ukiwa Japani itasomeka kwa Kiswahili sahihi. Wakati saa za stesheni zinaonyesha 9:00 asubuhi, mshale wa saa yako uko kwenye 3, na kwetu hiyo ndiyo saa 3 asubuhi. Usiibadilishe. Ratiba za treni na tiketi za ngome zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 16:00 yao ni saa 10 jioni yako. Katika makala haya natumia saa zetu.

Ngome inafunguliwa saa 3 asubuhi. Jitahidi uwe langoni wakati huo huo, maana yake uondoke Osaka saa 1 na nusu hivi. Mgeni wa mwisho huruhusiwa kuingia saa 10 jioni na wenyewe hufunga saa 11, ingawa kipindi cha joto huongeza muda kidogo. Tarehe 29 na 30 Desemba hufunga kabisa. Tangu Machi 2026 kiingilio kwa mtu mzima asiye mkazi wa mji wa Himeji ni yeni 2,500, na walio chini ya miaka 18 huingia bure. Kuna watakaoona bei hiyo ni kubwa. Kwa maoni yangu ni halali: mbao, vigae na chokaa vya ngome hii havina siku ya kupumzika kurekebishwa, na fedha hizo ndizo zinazovitunza. Kata tiketi ya pamoja, inayokuruhusu kuingia ngomeni na katika bustani ya Koko-en. Nyongeza yake ni ndogo.

Mizigo iache stesheni, kwenye makabati ya kukodi. Vaa viatu vya kuvua na kuvaa upesi na soksi zisizotoboka, kwa sababu ndani ya mnara unatembea bila viatu, navyo unavibeba mkononi ndani ya mfuko wanaokupa mlangoni. Ngazi za ndani ni za mbao, nyembamba na zimesimama kama za kupandia darini. Mwenye dera, buibui au kanzu ajipange mapema namna ya kukusanya upindo kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kamba au ubao, na begi la mgongoni liwe dogo. Wakati wa kushuka, shuka kinyumenyume bila aibu. Wenyeji wazee hufanya hivyo hivyo.

Toka stesheni kwa mlango wa kaskazini. Mbele yako inanyooka barabara pana ya Otemae-dori, na mwisho wake, juu ya kilima, ngome imekaa wazi kabisa. Ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Mabasi yapo, lakini kutembea kunakupa faida ya kuiona ikikua. Mnara mkuu pamoja na ukuta wake wa mawe una urefu wa mita 46 na ushei, na ukijumlisha kilima unafika mita 92 juu ya usawa wa bahari.

Kwanza historia kidogo, kiasi cha kukusaidia kuona. Kilima hiki kilikuwa na ngome tangu karne ya 14, na mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi alijenga mnara wa ghorofa tatu hapa karibu mwaka 1580. Hii tunayoiona leo ni kazi ya Ikeda Terumasa, mkwe wa Tokugawa Ieyasu, aliyepewa nchi hii baada ya vita vya Sekigahara vya mwaka 1600. Alianza kujenga mwaka 1601 akamaliza 1609. Ieyasu alikuwa ndiyo kwanza ameshika nchi, watawala wa magharibi hakuwaamini, na Himeji ilikuwa katikati ya njia wanayoweza kuifuata kwenda kwenye mji mkuu. Ngome ilijengwa na mtu aliyekuwa anasubiri vita. Vita vile havikuja. Ulinzi wote utakaoupita asubuhi hiyo haukuwahi kujaribiwa na jeshi lililopanda kilima, na ndiyo sababu umebaki mzima kiasi hiki.

Ukishaingia utafika lango la Hishi, kubwa kuliko mengine yote yaliyobaki. Simama hapo ujiambie wewe ni askari wa adui, kisha uanze kupanda kwa jicho hilo. Mnara unauona juu, unadhani ni dakika chache tu. Malango yanayofuata yametajwa kwa herufi za mpangilio wa kale wa Kijapani: I, Ro, Ha, Ni, na kuendelea. Baada ya lango la Ha, njia inakupindua ukaupa mnara mgongo, na unatembea kana kwamba unaondoka. Lango la Ni limeinama na lina giza, na juu yake kuna chumba ambamo watu wenye mikuki waliweza kukushambulia kupitia sakafu. Lango la Ho ni dogo, limevikwa chuma, na mtu mrefu huinamisha kichwa. Ukilipita tu utaona ukuta mfupi wa udongo ulioshindiliwa, tofauti na kuta nyingine zote nyeupe. Baada ya hapo njia inaanza kushuka. Unakwenda mnarani, na miguu inateremka. Mgeni yeyote angehisi amepotea, na kupotea huko kumepimwa hatua kwa hatua na fundi aliyekufa miaka 400 iliyopita. Mimi sijaona jengo jingine linalozungumza na miguu ya mtu kwa ufasaha kama hili.

Ukiwa unapanda, tazama matundu kwenye kuta. Yamebaki karibu 1,000. Yale marefu ya wima ni ya mishale. Ya duara, pembetatu na mraba ni ya bunduki. Sogea karibu na moja uchungulie: upande wa ndani ni mpana, upande wa nje ni mwembamba, hivi kwamba mlinzi anageuza mtutu kila upande na aliye nje anaona kijitundu tu. Kisha angalia mawe ya chini. Mawe yalikuwa haba, na wajenzi walichukua walichokipata, hata majeneza ya mawe kutoka makaburi ya kale na taa za mawe za mahekalu. Kuna jiwe dogo la kusagia limefunikwa kwa wavu juu ukutani. Wenyeji husimulia kwamba ajuza mmoja muuza vitumbua vya mchele alimpelekea Hideyoshi jiwe lake la kusagia aliposikia ujenzi umekwama, na watu wakaona haya, wakaanza kuleta mawe yao.

Halafu weupe. Ngome hii huitwa kwa jina la yangeyange, na ukiiona jua likiipiga huhitaji kuelezwa kwa nini. Weupe huo ni chokaa. Huchanganywa na nyuzi za katani na gundi inayopikwa kutokana na mwani, kisha hupakwa tabaka juu ya tabaka kwenye kuta, kwenye mbao za chini ya mapaa, na hata kwenye maungio ya vigae, na ndiyo maana mapaa nayo yanaonekana yamepakwa unga. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, penye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, atavitambua mara moja: ule ukungu mweusi unaoanza pembeni baada ya masika kadhaa, ile baridi ya ukuta mnene, ile kazi isiyokwisha ya kupaka upya. Hapa chokaa ina kazi nyingine pia, kwa sababu chini yake kila kitu ni mti. Ni ngao ya moto. Matengenezo makubwa ya karibuni yalianza mwaka 2009, na mnara ukafunguliwa tena Machi 2015. Uling'aa mno hata baadhi ya wenyeji wakalalamika kwamba umekuwa mweupe kupita kiasi. Muda umeanza kuurudisha.

Ndani ya mnara, usitafute samani. Tazama nguzo. Mbili, ya mashariki na ya magharibi, zinasimama kutoka chini hadi karibu na kilele, kila moja ikiwa na urefu wa mita 24 na zaidi. Ya magharibi ilibadilishwa katika matengenezo yaliyofanyika kati ya mwaka 1956 na 1964, na ile mpya ni miti miwili iliyounganishwa. Weka kiganja juu ya mbao pale inaporuhusiwa, angalia rafu za kutundikia mikuki na bunduki zilizobaki kwenye kuta, na vijukwaa vidogo vya pembeni ambako walinzi walisimama kufikia madirisha ya juu. Kwa nje mnara unaonekana una ghorofa tano; ndani ni sita na moja ya chini ya ardhi. Juu kabisa, tulia dirishani uhesabu kona za njia uliyopandia. Hapo ndipo mpango mzima unajifunua, na hapo ndipo wale waliokimbia hawana cha kuona ila paa za mji.

Jambo moja la kukumbuka ukiwa juu: mji huo unaouona chini ulichomwa. Usiku wa tarehe 3 Julai 1945 ndege za Marekani ziliumwagia moto. Ngome ilikuwa imefunikwa nyavu nyeusi isionekane, na inasimuliwa kwamba bomu moja la moto liliangukia ghorofa ya juu likakataa kulipuka. Asubuhi watu waliotoka kwenye majivu waliinua macho wakaikuta imesimama. Kabla ya hapo ilikaribia kufa kifo kingine: katika miaka ya 1870 serikali mpya ya Meiji ilizivunja na kuziuza ngome nyingi, na ofisa mmoja wa jeshi, Kanali Nakamura Shigeto, ndiye aliyetetea hii ihifadhiwe. Kuna jiwe la kumbukumbu yake uwanjani. Leo Japani nzima imebakiwa na minara 12 tu ya asili, na Himeji, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1993, ndiyo kubwa kuliko yote. Nyingi ya ngome nyingine utakazopelekwa, ile ya Osaka ikiwamo, zina minara ya zege yenye lifti.

Unaposhuka utapita kisima cha Okiku. Ni kisa maarufu cha kijakazi aliyesingiziwa kupoteza sahani moja kati ya kumi za thamani, akauawa na kutupwa kisimani, na usiku sauti yake ikawa inasikika ikihesabu sahani, moja hadi tisa. Wasimulie watoto mkiwa hapo hapo.

Usitoke kabla ya kuingia ua wa magharibi, Nishi-no-maru. Wengi hupita bila kuugeukia. Una ukumbi mrefu wa mbao unaopinda na ukuta kwa zaidi ya mita 200, vyumba vyake vikitazama nje, na mwishoni kuna mnara mdogo uliohusishwa na Binti Mfalme Sen, mjukuu wa Ieyasu. Aliozwa kwa Toyotomi Hideyori akiwa mtoto. Babu yake mwenyewe akaiangusha ngome ya Osaka mwaka 1615 na mumewe akafia humo. Mwaka uliofuata aliolewa na Honda Tadatoki, wakaja kuishi Himeji. Tadatoki naye akafariki mwaka 1626. Ukumbi huo huwa na utulivu, na kutoka hapo ndipo mnara mkuu unaonekana vizuri kuliko popote ndani ya ngome. Kama ni picha unayoitaka, ipige hapo.

Ukifuata mwendo huu, utatoka saa 6 mchana ukiwa na njaa ya kweli.

Chakula cha mchana cha Himeji, kwangu, ni mkunga wa baharini, wenyewe wakimwita anago. Anavuliwa katika Bahari ya Seto, anapasuliwa, anachomwa, anapakwa mchuzi mzito mtamu wa soya na kulazwa juu ya wali. Nyama yake ni laini na nyepesi kuliko ya mkunga wa maji baridi ambaye ni ghali zaidi, na haichoshi mdomo. Ndani ya bustani ya Koko-en kuna mkahawa wa Kassui-ken ambako unamla huku ukitazama bwawa kupitia kioo. Bei ni ya watalii, lakini mahali penyewe panalipa. Asiyetaka kutumia sana arudi upande wa maduka yaliyoezekwa ya Miyuki-dori, kati ya ngome na stesheni, aingie anapoona wafanyakazi wa ofisi wakiingia.

Chakula cha pili ni oden. Japani yote hula oden: figili nene nyeupe, mayai ya kuchemsha, tofu, samaki aliyepondwa na kuumbwa, kano za ng'ombe, vyote vikichemka polepole kwenye supu moja. Himeji huila kwa mchuzi wa soya uliotiwa tangawizi ya kukwaruzwa, na tangawizi hiyo inabadilisha kila kitu. Sisi watu wa tangawizi tunaielewa mara moja. Ianze na figili. Ikiwa imeiva sawasawa, kijiti kinapita bila nguvu. Ni chakula cha jioni zaidi, na cha msimu wa baridi. Na kama umefika mapema kabla ngome haijafunguliwa, vibanda vya kahawa vya mji huu vina mkate wa kuchoma uliopakwa siagi ya lozi, moto moto, tosti ambayo wenyeji wanajivunia kuwa yao.

Kwa msomaji Mwislamu nahitaji kusema wazi. Michuzi mingi mitamu, pamoja na ule wa mkunga, hupikwa kwa mirin au sake, ambavyo ni vileo. Oden ina nyama isiyochinjwa kwa sharia. Usitegemee mwonekano wa chakula. Uliza, au onyesha sentensi uliyoiandaa kwenye simu kwa Kijapani. Njia rahisi ni kubeba chakula chako, ukala kwenye nyasi za uwanja wa Sannomaru chini ya ngome, ambako huhitaji tiketi kuingia na pana nafasi hata ya kuswali adhuhuri. Kibla huko ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini. Kisha jioni, wakati wa kurudi, shuka Sannomiya utembee kupandisha hadi mtaa wa Kitano. Hapo upo Msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza Japani. Ulinusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Maduka na mikahawa ya halali iko jirani yake. Siku ya Ijumaa usiende Himeji kama hutaki kukosa swala ya jamaa, kwa sababu muda utakubana pande zote mbili.

Asiyekula nyama wala samaki ajue vilevile kwamba supu nyingi za Kijapani, hata zinazoonekana za mboga tupu, zimeanzia kwenye samaki mkavu.

Sasa bustani. Koko-en iko ng'ambo ya handaki, magharibi ya ngome, na ilifunguliwa mwaka 1992. Kuna wanaoidharau kwa upya huo, wakasema bustani ya kweli ni Korakuen ya Okayama, iliyokamilika mwaka 1700. Korakuen ni bora, sikatai. Lakini Koko-en imejengwa juu ya misingi ya makazi ya bwana wa ngome na nyumba za samurai wake, na imegawanywa bustani 9 zenye kuta za udongo kati yake, kila moja na tabia yake. Mgeni wa mara ya kwanza anajifunza humo kwa mchana mmoja kile ambacho bustani moja kubwa haiwezi kumfundisha. Unatoka kwenye misonobari unaingia kwenye mianzi, na hata sauti ya upepo inabadilika.

Bustani ya makazi ya bwana ndiyo kubwa, yenye maporomoko ya maji, bwawa na samaki wa koi wanene. Pita juu ya ukumbi uliovuka maji, kisha zunguka bwawa taratibu. Angalia jinsi njia ya mawe inavyokulazimisha kutazama chini pale pasipo na kitu, na kukuacha uinue kichwa pale panapofunguka. Ni hila ile ile ya malango ya asubuhi, safari hii kwa ajili ya kukufurahisha. Ndiyo maana nasema ngome kwanza, bustani baadaye. Aliyeanza na bustani hupata maua tu.

Ndani yake kuna nyumba ya chai, Soju-an. Ingia. Unakaa kwenye mikeka ya tatami na kuletewa kipande kitamu na bakuli la matcha, chai ya kijani ya unga iliyopigwa hadi ikatoa povu. Kula kitamu kwanza, chote, ndipo unywe, kwa kuwa chai ni chungu na utamu uliobaki mdomoni ndio sukari yake. Pokea bakuli kwa mikono miwili, lizungushe kidogo ili upande wa mbele usiwe mdomoni mwako, unywe kwa mafunda machache. Magoti yakiuma, kaa unavyoweza, hakuna atakayekukaripia. Simu iwe mfukoni wakati huo.

Ukisafiri na mzee au mtu mwenye maumivu ya magoti, mpango ubadilike. Mnara hauna lifti na hautakuwa nayo. Mwache afurahie uwanja wa Sannomaru na bustani, ambayo sehemu kubwa ni tambarare, nanyi wengine mpande kwa zamu. Watoto wadogo wanaobebwa ni kazi ngumu kwenye zile ngazi.

Kuhusu majira: mwanzoni mwa Aprili miti ya sakura, karibu 1,000, inachanua kuzunguka ngome, na uzuri wake unalingana na msongamano wake. Kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei Wajapani wote wana likizo, epuka. Julai na Agosti mnara ni tanuri, hauna viyoyozi. Mwisho wa Novemba majani ya Koko-en yanawaka rangi nyekundu, na jioni huwashiwa taa. Mimi hupenda Januari na Februari, wakati wageni ni wachache na kona za malango unazipata peke yako. Mtu wa pwani avae soksi mbili, kwa sababu sakafu ile ya mbao inauma kwa baridi.

Mapipa ya taka hayapo barabarani, beba mfuko wako. Usitoe bakshishi, watakukimbilia kukurudishia. Kuwa na noti ndogo na sarafu, maana vibanda vya zamani havipokei kadi.

Ukirudi stesheni, usipite moja kwa moja ndani ya behewa. Kwenye majukwaa ya treni za kawaida kuna vibanda vya Maneki, kampuni ya mji huu, vinavyouza ekisoba: tambi za manjano za namna ya Kichina kwenye supu ya Kijapani, juu yake tempura. Zilianza mwaka 1949, wakati unga ulikuwa adimu baada ya vita na wapishi walitengeneza tambi kwa walichokipata. Watu wakazizoea, na hata unga ulipopatikana hawakutaka zibadilishwe. Unalipia kwenye mashine, unatoa kitiketi, bakuli linakuja upesi, unakula umesimama. Shinkaisoku ikiingia kabla hujamaliza, iache iende. Nyingine itakuja baada ya muda mfupi, na supu hiyo inataka kunywewa yote ikiwa moto.